Ushirikiano Uliompeleka Bakari Ndani

Juzi mlinialika kwenye semina yenu. Mkanipa kiti cha mbele, chupa ya maji na dakika kumi za "kutoa uzoefu". Nikasema dakika nane, mkapiga makofi, kijana mmoja mwenye tai akainuka akaniita maktaba inayotembea, kisha mkarudi kwenye picha zenu za ukutani zenye mishale na miduara. Mduara mmoja umeandikwa Mshauri, wa pili Afisa, na pale miduara inapoingiliana mmeandika Mteja kwa herufi kubwa, kana kwamba mtu anaweza kuishi katikati pale na akapata hewa. Nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa imefika. Lakini nilivyorudi nyumbani Magogoni nilikuwa na hasira hata nikaunguza mchuzi wa samaki, na mimi mchuzi siunguzi. Ndiyo sababu nawaandikia.

Mnapenda sana neno ushirikiano. Mnalitamka kama watu waliolizaa wenyewe. Wanangu, neno hilo nimelijua kabla hamjavaa tai, na nitawaambia nililolifanyia.

Kwa asiyeijua kazi yetu: mahakama ikimwona mtu ana hatia lakini anaweza kurekebika akiwa kwao, humpa kifungo cha nje. Afisa wa probesheni, yaani mimi, ndiye humsimamia. Aje kuripoti, atimize masharti, asirudie kosa. Na kama kosa limetoka kwenye unga, yaani dawa za kulevya, kama yalivyo mengi kwetu huku, hupelekwa pia kwa mshauri nasaha, ambaye kazi yake ni kumtibu: kukaa naye, kumsikiliza, kumsaidia aachane na ule unga. Mmoja anataka mtu yule atii. Mwingine anataka mtu yule apone. Mnasema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na mkiendelea kudhani hivyo mtawaumiza watu.

Bakari alikuwa mtu wa Timbwani, Likoni, miaka thelathini na kitu, fundi wa kuchomelea. Mikono yake ilikuwa na vidoadoa vya cheche mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akichomelea matrela pale Miritini, kando ya barabara yanakoegeshwa malori, mpaka unga ulipomshika akaiba betri mbili za lori la mtu aliyekuwa amempa kazi. Hakukana. Hakimu akampa mwaka mmoja na nusu wa kifungo cha nje kwa masharti matatu: aripoti kwangu kila wiki, ahudhurie matibabu, na asiguse unga. Akivunja lolote, anaingia ndani. Bakari alilielewa hilo vizuri kuliko sisi tuliolipiga mhuri.

Kliniki ilimpa dawa ya maji kila asubuhi, anainywa kikombeni mbele ya nesi, siku zote saba za wiki. Dawa hiyo ndiyo iliyomzuilia arosto. Arosto ni maumivu yanayomshika mtu akiukosa unga: mifupa inauma, tumbo linakatika, jasho linatoka na baridi inatetemesha kwa wakati mmoja. Akiwa nje, dawa ipo. Akiingia ndani, Mungu ndiye ajuaye. Likumbukeni hilo, maana mimi nililisahau.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea kwao nilikwenda na gari la ofisi, lile lenye maandishi mlangoni. Nilijiona mtu wa maana. Mtaa mzima wa Timbwani ulisimama. Mwanamke mmoja aliacha kuanua nguo akabaki na shuka mkononi akinitazama. Mama yake Bakari, Bi Mwanasiti, akatoka na leso zake mbili akasimama mlangoni, akaujaza mlango.

"Bakari?" akasema. "Bakari kenda Lungalunga."

Nyuma yake, ndani ya pazia, nikasikia mtu akikohoa. Kikohozi cha mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Bi Mwanasiti hakupepesa jicho. Nami, afisa wa serikali, mwenye cheti na mhuri, nikafungua faili nikaandika: "Mteja hakupatikana. Inasemekana amehamia Lungalunga." Niliandika hivyo kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya "hakupatikana" lakini haikuwa na nafasi ya "anakohoa nyuma ya pazia".

Mkitaka kumwona mtu kwao, nendeni kwa miguu. Bebeni kikapu. Amkieni nyumba tatu kabla ya kuifikia yake, ulizeni hali za wagonjwa na watoto, mkipewa kiti mketi, mkipewa uji mnywe wote. Msiulize lolote kuhusu mtu wenu mpaka mwenyeji aulize kilichowaleta. Na msimtaje dukani hata kidogo. Hayo hayamo kwenye vitabu vyenu, nimeangalia. Mara ya pili nilikwenda hivyo, na Bakari mwenyewe ndiye aliyeniletea kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lungalunga kulikuwaje?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikampenda siku ile, na nawaambia wazi kwa sababu mmefundishwa msiwapende. Nyinyi mnawaita "wateja", kana kwamba mnawauzia vitambaa. Bakari nilimwita Bakari.

Sasa mshauri. Aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mlokole, mwenye sauti ya chini mpaka ulazimike kumsogelea. Kliniki yake na ofisi yangu zilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na nyingi kati ya hizo ungepita kivulini. Kwa miezi mitano hatukuonana. Tuliandikiana barua. Mjumbe wetu alikuwa Bakari, anabeba bahasha yenye habari zake mwenyewe, imefungwa kwa gundi asiisome.

Barua za Wafula zilikuwa na sentensi moja: "Mteja anaendelea vizuri." Mwezi wa kwanza, anaendelea vizuri. Mwezi wa pili, anaendelea vizuri. Nikamjibu, "Tafadhali fafanua." Akafafanua: "Mteja anaendelea vizuri na anashiriki." Nikasema huyu mtu wa Bungoma ananichezea. Yeye naye, aliniambia baadaye, alikuwa akisema yule mama wa probesheni ni polisi aliyevaa gauni.

Na kati yetu Bakari alikuwa akikimbia. Nilikuwa nimempangia kuripoti Alhamisi saa mbili asubuhi. Kikao cha kundi kliniki, pale wanapokaa duara wakazungumza, kilikuwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Wiki hii anakuja kwangu, Wafula anaandika "hakuhudhuria". Wiki ijayo anakwenda kwa Wafula, mimi naandika "hakuripoti". Na siku feri zikichelewa kumvusha, tunaandika wote wawili. Kwa miezi mitano tulijaza mafaili mawili ya utovu wa nidhamu wa mtu ambaye kila Alhamisi alikuwa mahali alipoamriwa kuwa. Siku moja nikamkaripia mbele ya wenzake kwenye benchi.

"Kwani Alhamisi zako nyingine huwa unakwenda wapi?"

"Kwa bwana Wafula, mama. Kwenye duara."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na kwa nini hukusema?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wallahi nilidhani mmepanga. Nilidhani mwanitazama nitachagua wapi."

Alidhani ni mtihani. Alidhani watu wawili wenye kusoma hawawezi kuwa wajinga kiasi kile bila kusudi. Niliguna nikambadilishia siku, na sikumwomba radhi, maana siku zile niliamini afisa akiomba radhi benchi lote litamdharau. Benchi lilikuwa limeshanidharau zamani.

Ndipo ikaja semina. Hoteli ya ufukweni, sambusa za nyama, mtaalamu kutoka mbali mwenye kalamu za rangi nne. Alitugawa wawili wawili akatuambia tutazamane machoni kwa dakika moja. Nikamtazama Wafula, Wafula akanitazama, mtu mzima na mtu mzima, tukaona haya tukaanza kucheka. Tukatia saini karatasi ya makubaliano. Tukapewa fomu mpya ya pamoja, na ndani yake sehemu iliyoandikwa "Taarifa kutoka kwa mshauri", mistari minane mitupu. Wanangu, mistari mitupu kwenye fomu humla afisa roho. Hawezi kuiona bila kutaka kuijaza.

Sitasema semina haikuzaa kitu. Ilizaa urafiki. Kila Ijumaa asubuhi mimi na Wafula tukawa tunakutana kwenye kibanda cha Mama Zawadi, mahamri na mbaazi, tunazungumza habari za watu wetu. Alinifundisha kuona mengi. Alinifundisha kwamba anayekuja ofisini amechana nywele vizuri mno na kujibu upesi mno ndiye wa kuulizwa hali mara mbili. Nami nilimfundisha kusoma amri ya mahakama, maana alikuwa hajawahi kuisoma hata moja. Mtu anatibu watu walioamriwa na korti, hajui korti imeamuru nini! Nilimcheka. Ningemfundisha vizuri zaidi kama ningekumbuka kumweleza kwamba mimi pia niliapa kumwambia hakimu kila sharti linapovunjwa.

Mwezi wa kumi wa kifungo chake, kakake Bakari akafariki. Alizikwa Likoni, na mimi nilikwenda kutoa rambirambi. Bakari alikuwa amesimama mbali na wenzake, macho makavu. Ijumaa iliyofuata Wafula alisukuma sahani yake ya mbaazi kando.

"Madam, huyu Bakari yetu," akasema kwa ile sauti yake. "Jana kwa group amesema. Alirudia. Mara mbili, baada ya mazishi. Amelia sana. Madam, watu kumi na wawili walikuwa hapo, hakuna mwenye aliongea. Ni mara ya kwanza mtu amefunguka hivyo tangu nianze hiyo kikundi."

"Amerudia unga?"

"Amerudia, na akasema mwenyewe. Hiyo ndiyo nakuambia. Akikuja kwako Jumanne usimbane. Mpatie nafasi kidogo. Nimemuongezea siku za kuniona, tutamshika."

Nikamwambia sawa. Nikamaliza mahamri yangu. Nikarudi ofisini, nikafungua faili, na mistari minane ilikuwa pale inanitazama.

Mnataka kujua nilikuwa na nia mbaya? Laiti ningekuwa nayo, ningejua la kutubu. Nilijiona mwaminifu. Nilijiona afisa wa kwanza wa ofisi yetu kuijaza ile sehemu kwa maneno yenye maana. Niliandika mistari yote minane, kwa mwandiko wangu mzuri, na nikapeleka ripoti kortini kwamba sharti la tatu limevunjwa. Nikadhani hakimu atamwonya tu. Sikumpigia Wafula simu. Sikumwita Bakari. Mkubwa wangu alisoma akanipigia meza kwa furaha. "Huu sasa ndio ushirikiano, Bi Dama."

Hakimu alikuwa mgeni na alikuwa na kesi nyingi. Aliisoma ripoti yangu kwa sauti. "Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa kwa mshauri wake." Wafula alikuwa amekaa benchi la nyuma, amekuja kwa kuwa Bakari alimwomba amsindikize, wote wawili wakidhani wameitiwa kueleza maendeleo. Bakari alipoyasikia maneno yale hakunitazama mimi. Mimi alikuwa hajanitegemea kwa hilo. Aligeuka akamtazama Wafula. Nimeona watu wakihukumiwa miaka mingi wakitoka wamekaza shingo, lakini sijaona uso kama ule. Kifungo cha nje kikafutwa, akapewa miezi sita ndani, na askari akamshika mkono palepale.

Nje ya korti Wafula alinisubiri chini ya ngazi. Sauti yake siku ile niliisikia bila kusogea.

"Madam, umenifanyia nini?"

"Nimefanya kazi yangu, Wafula. Sharti limevunjwa."

"Mimi ndiye nilimwambia aseme! Kila siku nawaambia hapa ni salama, ongea, hapa hakuna askari. Sasa nitawaambia nini? Umefunga huyo mmoja, na wale wengine kumi na moja umewafunga mdomo!"

"Hukuniambia nisiandike."

"Ni kitu ya kuambiwa hiyo?"

Nikakumbuka nina kikao, nikaenda zangu. Afisa hodari hakosi kikao cha kukimbilia.

Alhamisi iliyofuata walikuja watatu kwenye lile duara. Wiki ya pili walirudi saba, maana wengine nao walikuwa na amri za korti. Wafula akawauliza mmoja mmoja hali. Salama. Salama tu, bwana. Salama alhamdulillahi. Saba wote, kutoka kulia hadi kushoto, salama. Wafula aliniambia aliifunga kalamu yake akakaa nao mpaka saa ikaisha.

Bi Mwanasiti alikuja ofisini kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, makelele nayaweza. Hakupiga kelele. Aliketi, akaweka mkoba wake mapajani, akasema, "Dadangu, nataka unifahamishe, mimi sikusoma. Mwanangu aliambiwa, sema kweli upone. Akasema. Sasa aliyemdanganya ni nani, ni wewe ama ni yule?"

Nikamweleza habari za masharti. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa.

"Na dawa yake?" akauliza. "Huko ndani wampa dawa yake?"

Sikujua. Wallahi sikujua, na sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimejaza mistari minane na sikuandika hata mmoja kusema huyu mtu yuko kwenye dawa ya kila siku.

Nikavaa viatu nikaenda kwa Wafula, zile dakika kumi za kivulini. Alinitazama kama mtu aliyeletewa chakula kilichochacha, kisha akachukua koti lake. Gereza likasema dawa ni jambo la kliniki. Kliniki ikasema mfungwa ni jambo la gereza. Mmoja anataka barua, mwingine anataka jibu la barua kabla ya kuandika barua. Siku hiyo ndipo tuliposhirikiana kwa mara ya kwanza, mimi na Wafula, bila fomu na bila sambusa: yeye akimwomba daktari, mimi nikimpigia makelele karani, tukibadilishana mtu alipochoka. Ilituchukua siku tisa kupata ruhusa nesi aende na kikombe. Siku tisa Bakari aliugulia arosto kwenye saruji. Kwa kuwa alizikosa siku zote hizo, hawakuweza kumrudishia dozi yake. Alianza upya na kidogo kidogo, kama mtu aliyeingia kliniki jana. Tulipomwona alikuwa amekonda mpaka sura imebadilika. Nilimwomba radhi mbele ya askari. Akasema, "Haina neno, mama." Wafula alimshika bega, na Bakari akalitoa bega lake taratibu, bila ubaya, kama mtu anayejipisha njiani.

Na ile ripoti yangu? Mkubwa wangu aliifuta jina akaipiga chapa, ikagawiwa kwenye semina iliyofuata kama mfano wa kazi nzuri. Nilipewa nakala. Niliifungia vitunguu.

Baada ya hapo mimi na Wafula tukaweka utaratibu wetu, na tuliufuata mpaka nilipostaafu mwaka juzi, wakubwa wapende wasipende. Kwangu paliwekwa kiti cha tatu. Hatuzungumzi habari za mtu naye hayupo; kibanda cha Mama Zawadi kikabaki cha mahamri. Kila mtu mpya tulimketisha siku ya kwanza, sote watatu, tukamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani ni yapi yanavuka kutoka kliniki kuja kwangu. Amekuja au hakuja, hilo linavuka. Ametaka kujidhuru au kumdhuru mtu, hilo linavuka siku ileile na hatumfichi. Anayoyasema kwenye duara hayavuki. Na akiteleza, tunapanga kwanza matibabu, kisha naandika mbele yake, namsomea, anasahihisha, ndipo naipeleka kortini, na ripoti inasema tayari ameshaongezewa siku za mshauri. Mahakimu wengi wakipewa mpango huufuata. Kabla ya hapo hakuna aliyeufuata, kwa sababu sikuwahi kuupeleka. Mtu mmoja tu angenifundisha hayo mapema, ningemwandikia jina lake ukutani.

Sasa mwajua kwa nini niliunguza mchuzi. Yule kijana wa tai, wakati wa chai, alinionyesha simu yake kwa fahari. Mna grupu moja kubwa la maafisa na washauri. "Habari inafika papo hapo, Bi Dama, hakuna tena mambo ya bahasha." Akaniteremshia ujumbe kwa kidole. Nikasoma: mshauri mmoja ameandika kwamba mama fulani wa Changamwe amekiri kikaoni kwamba amerudia, jina lake lote, na chini yake maafisa wanne wameweka vidole gumba. Vidole gumba! Na ile programu yenu mpya inampaka mtu rangi, kijani, manjano, nyekundu, kulingana na anavyosema kwa mshauri. Nikamuuliza, je, yule mama anajua? Akasema, "Anajua nini?" Mimi ilinichukua mahamri mawili na siku nzima kumsaliti mtu. Nyinyi mnamaliza kabla kikao hakijafungwa, na mnajipigia makofi.

Bakari alitoka. Wafula aliniambia alirudi kliniki mwenyewe, bila amri ya mtu. Anafika asubuhi, anakunywa kikombe mbele ya nesi, anashukuru, anaondoka. Kwenye duara hakukaa tena. Wafula amemkaribisha mara nyingi. Humjibu kwamba anawahi kazini.

Mwezi uliopita nilikwenda stesheni ya reli kule Miritini kumpokea dadangu. Garimoshi lilikuwa bado, nikatembea upande wa malori, na pale chini ya trela nikamwona, amechutama, anachomelea. Nikasimama mpaka akanyamazisha cheche. Alipoinua miwani akanijua. Aliinuka mara moja, akafuta mikono kwenye suruali, akaniletea kiti cha plastiki akakifuta vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bakari. Hali yako?"

"Salama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, salama."

"Na dawa?"

"Salama, mama."

Alikuwa amechana nywele vizuri mno na alijibu upesi mno. Nikamwambia nimekuwa nikitaka kumwomba radhi vizuri, si kama siku ile mbele ya askari. Akanizuia kwa mkono, akasema yale yalipita. Nikamuuliza ana mtu wa kuzungumza naye, mambo yakiwa mazito. Alitabasamu. Alinitazama mkononi, kisha kwenye mkoba wangu, kisha usoni.

"Mama, kwani bado waandika?"

Nikamwambia la, nilistaafu, siandiki tena. Nikaufungua na mkoba, mtu mzima mimi, aone hakuna faili. Alichungulia ndani, leso na chupa ya maji. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaishusha miwani yake machoni.

"Basi salama," akasema, akarudi chini ya trela.